Televisheni Mbovu Isiwe Mzigo Wetu

Mama mpendwa, televisheni ya kichogo iliyokufa si ya watoto kuchezea. Kioo chake kina madini ya risasi. Kikivunjwa, vumbi lake laweza kudhuru ubongo wa mtoto.

Nchi tajiri zimeleta Afrika vifaa vingi vibovu kwa jina la mitumba. Mkataba wa Basel wa 1989 unasimamia usafirishaji wa taka hatari, na Tanzania ni mwanachama. Tangu Januari 1, 2025, taka zote za kielektroniki zahitaji kwanza kibali cha nchi inayopokea. Lakini kibovu kikiandikwa kizima, hupita.

Basi hapa Wete, kabla hujalipa, kiwashwe ukione. Nyaya zisichomwe uani kutafuta shaba. Moshi wake ni sumu.