Mtaa Ukichangamka: Utangulizi

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo kwa kawaida ilikuwa na vyumba sita, vitatu kulia na vitatu kushoto, na ukumbi ukikatiza kutoka kibarazani mpaka uani. Kila chumba na familia yake. Uani kuna choo kimoja na majiko ya mkaa ya kila mtu. Ukikaanga samaki, nyumba nzima imejua. Asubuhi ukichelewa kutoka, kabla ya saa tatu mlango umeshagongwa: vipi, mzima? Sisemi maisha yale yalikuwa matamu. Aliyewahi kupanga foleni ya choo alfajiri na mapema hatanisamehe nikisema hivyo. Nasema tu kwamba ujirani ule haukutokana na wema wa watu peke yake. Ramani ya nyumba ilikuwa inawakutanisha, watake wasitake.

Leo kwenye viwanja vingi vya nyumba za namna hiyo yamesimama maghorofa: chini fremu za maduka, juu stoo na vyumba vya kupangisha, na milango ya chuma inayofungwa muda wote. Kati ya nyumba ile na jengo hili kuna nini? Nani aliamua, nani alilipwa, nani alifungasha virago? Msomaji anayeingia sasa katika taaluma hii ya miji, karibu. Maswali yetu ni hayo, na utaona hayahitaji hesabu ngumu kama yanavyohitaji masikio.

Mwaka 1964, Ruth Glass, mwanasosholojia mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi London, aliandika kuhusu mitaa kama Islington, ambako watu wa tabaka la kati walikuwa wananunua nyumba za wafanyakazi moja moja, wakizikarabati, mpaka wapangaji wa zamani wakaisha na mtaa ukawa wa watu wengine. Neno alilobuni, ambalo tunaweza kuliandika jentrifikesheni, limetokana na jina la mabwana wenye ardhi wa Uingereza. Ningeulizwa mimi, ningesema ni kuungwanisha mtaa, maana pwani tunajua vizuri kwamba uungwana tangu zamani ulikuwa na mlango, na si kila mtu alifunguliwa. Madalali wa Dar es Salaam wana neno lao jepesi zaidi: eneo limechangamka. Ukilisikia, jua kodi inapanda.

Lakini Kariakoo si Islington, na hapa ndipo wanafunzi wangu wengi huteleza. Kule nyumba zilibaki, watu wakabadilika. Kwetu nyumba yenyewe ilivunjwa, na aliyehamia mara nyingi si familia bali ni bidhaa. Tena mwenye nyumba hakushindwa kila mara. Warithi, wakishapatana kuhusu mirathi (nayo huchukua miaka), hukaa na mwekezaji: wao watoe kiwanja, yeye ajenge, wagawane vyumba au fremu. Katika mkataba huo, mpangaji aliyekaa chumba cha uani miaka ishirini, aliyewalea hao warithi kwa uji wake, hayumo. Anapewa notisi. Halafu anatafuta chumba Mbagala au Gongo la Mboto, na nauli ya kwenda na kurudi kila siku inakula kile kidogo alichokiokoa kwenye kodi. Kwa hiyo ukisoma popote kwamba wenyeji wameondolewa, uliza kwanza: wenyeji gani?

Tena si soko lililoanza kazi hii ya kuwatenga watu. Mipango ya mji ililitangulia. Kanuni za ujenzi za Wajerumani, kisha za Waingereza, ziligawa Dar es Salaam kwa aina ya nyumba zinazoruhusiwa kila sehemu, na kwa njia hiyo mji ukagawanyika kirangi bila kanuni kuhitaji kutaja rangi ya mtu. Uwazi wa Mnazi Mmoja, ambako leo tunafanyia mikutano na kupumzika kivulini, uliachwa kati ya Uhindini na Kariakoo kwa hoja ya afya. Kipande cha ardhi kisicho na jengo kinaweza kuwa ukuta.

Na wapangamiji wenye nia njema? Waangalie katika Sinza na Kijitonyama. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja vyenye barabara na maji ili watu wa kipato cha chini wajijengee kidogo kidogo. Upimaji ulifanywa vizuri, na mitaa hiyo bado inapitika. Ila kiwanja kizuri hakikai mikononi mwa maskini muda mrefu. Vingi viliishia kwa wenye mishahara na wafanyabiashara. Mimi bado nautetea mradi ule, ingawa wenzangu hunicheka, kwa sababu jirani yake Manzese inaonyesha ugumu wa kupenyeza barabara pale nyumba zilipotangulia.

Upande mwingine kuna Magomeni Kota. Kaya 644 ziliondolewa kwenye nyumba za zamani za serikali, zikaishi kwa kuhangaika karibu miaka kumi, na maghorofa mapya yakazinduliwa mwaka 2022 kwa ajili yao. Kurudi ni jambo la nadra katika taaluma yetu. Hata hivyo, kaa na bibi wa ghorofa ya tano, umuulize mkaa wake anauwasha wapi siku hizi, na mchezo wa kupeana hela wa kila wiki anaucheza na nani.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, shuka Mnazi Mmoja asubuhi, uingie Kariakoo kwa miguu. Hesabu vibaraza vilivyobaki. Mtafute dalali, maana bei za juzi na za kesho anazijua yeye kuliko ofisi yoyote, na mwambie ukweli kwamba hutafuti chumba. Hela ya usumbufu mpe hata hivyo.