Gari la Msafiri Lauzwaje?

Mtu atokaye Likoni akifika Kombani huiona njia ikigawanyika. Moja yaendelea mbele, Tiwi, Ukunda na Msambweni hata Lunga Lunga mpakani. Ya pili yakata kulia na kupanda Kwale. Hapo njia panda ndipo nilipomsindikiza shemeji yangu kutazama gari kuukuu. Alikuwa amekuja kutoka Maskati kwa likizo ya miezi minne, na hesabu yake ilikuwa nyepesi: gari la kukodi likirudishwa, fedha yote imekwenda, la kununua, hata likishuka bei, siku ya kuondoka lauzwa mtu akapata chake. Kuagiza Japani hakukumfaa. Sheria ya Kenya haikubali gari lililozidi umri wa miaka minane, na hilo lililo changa bei yake si ya likizo. Tena meli haina haraka.

Dalali alitaka tulijaribu upande wa Tiwi, kwenye tambarare. Nikasema la, twende Kwale. Nusu ya mlima mshale wa joto ukaanza kupanda pamoja nasi, na dalali akaanza kusifu redio. Tuliporudi nikainama chini nikakuta kutu imeshika bomba la moshi, jambo lisiloshangaza kwa gari la kwetu linalovuka feri na kulala karibu na bahari. Bei ikapunguzwa, akanunua.

Kazi ilikuwa kuuza. Zimebaki siku tano za safari, na kwa wakati huo injini ilikuwa yanywa oili kila wiki. Mnunuzi alikuwa mwalimu wa Matuga. Shemeji akaniambia, “Nitaandika kwamba nauza kama lilivyo. Atakaye na atwae.”

Maneno hayo hutumika kila siku pwani nzima, na wengi wetu twadhani yatosha. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafii hayatoshi. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alilieleza jambo hili katika Minhaji: muuzaji akishurutisha kwamba hana dhamana ya kasoro, husalimika na ila ya ndani ya mnyama tu, nayo awe haijui. Mnyama huugua ndani pasipo mtu kuona. Gari si mnyama, na oili shemeji alikuwa akiitia kwa mkono wake mwenyewe!

Mnunuzi naye ana lake. Akigundua ila yampasa kurudisha upesi, na akiendelea kukitumia kitu, haki yake yapotea. (Wanavyuoni walimsamehe aliyempanda mnyama mkaidi asiyeswagika wala kuongozeka; sijui gari lisilozimika wangelisemaje.) Na muuzaji akiwa amesafiri, mambo hupelekwa kwa wakili wake au kwa hakimu. Hapa kwetu hakimu huyo si Kadhi, kwani Katiba ya 2010 imempa ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Gari lenda mahakama za kawaida, na dai lisilozidi shilingi 1,000,000 laweza kusikizwa na mahakama ya madai madogo. Mwalimu wa Matuga amshitaki mtu aliyeko Maskati? Ndiyo maana msafiri ana deni kubwa la kusema kuliko jirani anayeonekana msikitini kila Ijumaa.

Tena kuna jina. Zamani fomu ya kuhamisha ilitiwa sahihi ikaachwa wazi, gari likapita mikono mitatu, na mwenye jina yuko ng'ambo hana habari. Sheria ya barabara humhesabu aliyeandikwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitike vingine, na baada ya kuuzwa lisitembee zaidi ya siku 14 bila mwenyeji mpya kuandikishwa. Siku hizi hufanywa kwa simu katika eCitizen: muuzaji huanzisha, mnunuzi hukubali.

Shemeji alikasirika nami siku nzima. Jioni akamwita mwalimu, akafungua boneti, akamwonyesha kijiti cha oili na kutaja joto la mlimani. Mwalimu akakaa kimya, kisha akapunguza bei kwa kiasi kilichomuuma shemeji hasa. Wakakubaliana. Uhamisho ukafanywa papo hapo, wawili wameinamia simu zao chini ya mwembe, na mwalimu akaondoka polepole kuelekea Matuga, dumu la oili likiwa kiti cha nyuma.