Ulanzi wa Igowole na meza za Masaki

Sahani inayopendwa siku hizi kwenye migahawa ya kisasa ya Masaki, Dar es Salaam, huwa na vipande vya jodari mbichi vilivyolowekwa kwenye maji ya ndimu. Huongezwa tui la nazi, tangawizi, sosi ya soya kidogo na pilipili mbuzi, kisha parachichi hukatwa juu yake. Wengi huiita chakula cha Kizungu. Lakini jodari ni wa bahari yetu, tui ni la kwetu, kumwivisha samaki kwa ndimu ni desturi ya Peru, na soya imeletwa na Wajapani. Parachichi, mara nyingi, limeshuka kutoka Nyanda za Juu Kusini: Njombe, Rungwe au Mufindi.

Mapishi ya namna hii, yanayoitwa fyusheni, yana historia inayojulikana. Wahamiaji wa kwanza wa Kijapani walifika Peru mwaka 1899 kufanya kazi mashambani, na kwa miongo kadhaa majiko yao yakajifunza ndimu na pilipili za huko. Mwaka 1973 mpishi Nobu Matsuhisa alihamia Lima kutoka Japani. Aliyojifunza pale aliyapeleka Marekani, akafungua mgahawa Beverly Hills mwaka 1987 na mwingine New York mwaka 1994. Sahani ya Masaki ni mjukuu wa safari hiyo. Na sisi tuna yetu ya zamani zaidi: urojo wa Unguja, wenye bajia na kachori za Kihindi, viazi vyenye asili ya Amerika, chipsi za muhogo na uchachu wa embe bichi, vyote ndani ya bakuli moja.

Urojo haukudumu kwa sababu watu walipenda vioja. Umedumu kwa sababu kila kilichomo kina kazi. Unga na viazi vinashibisha, bajia zinaleta mafuta, embe na ndimu zinayakata mafuta hayo, pilipili inaamsha ulimi. Hesabu ndiyo hiyohiyo kwenye jodari wa Masaki. Tindikali ya ndimu hulegeza protini za samaki hadi nyama inageuka nyeupe kana kwamba imepita motoni. Haiui minyoo wala vimelea vyote, ndiyo maana jiko makini humgandisha samaki vizuri kwa siku kadhaa kabla ya kumwandaa mezani akiwa mbichi. Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, hivyo tui na parachichi huupoza. Mafuta nayo yakibaki peke yake huuchosha mdomo, na ndimu ndiyo inayousafisha kwa ajili ya tonge linalofuata.

Nimekula kwenye migahawa mingi ambayo haikupiga hesabu hii. Ugali umewekewa jibini, karanga na parachichi, wanga na mafuta juu ya mafuta, halafu bei ya mlo wa watu wanne. Kilichokosekana pale ni kitu kichachu, na kitu kichachu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuonja nchini hakijawahi kufika Masaki kikiwa salama. Kinapatikana Igowole.

Igowole iko Wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa. Ukitoka Mafinga kuelekea Makambako, unaiacha barabara kuu ya Tunduma pale Nyololo. Ni nchi ya baridi, chai, misitu na mianzi. Mwinuko wake una athari jikoni ambayo wapishi wa mjini hawaikumbuki. Kwenye miinuko ya Mufindi maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, si 100 kama Dar es Salaam, kwa hiyo maharage hukaa motoni muda mrefu zaidi. Ukichukua muda aliokupa mama wa Igowole ukaufuata Masaki bila kubadili, utapata uji.

Parachichi la huku linasafiri kwa urahisi kwa sababu ya tabia yake. Aina ya Hass haiivi ikiwa mtini. Hubaki gumu hadi lichumwe, ndipo lianze kutoa gesi ya ethilini inayoliivisha. Likipozwa kwenye nyuzi joto 5 hadi 7, kazi hiyo hupungua kasi, na tunda linaweza kuvuka bahari. Zaidi ya kilometa 500 hadi Dar es Salaam si kitu kwake.

Kitu kichachu nilichokitaja ni ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi, nao haukubali safari hiyo. Mvua zinaposhika, mgema huchagua chipukizi la mwanzi lililokwisha kurefuka lakini bado laini, akalikata ncha, akaning'iniza mbeta, yaani kipande cha mwanzi chenye tundu, ili utomvu udondokee humo. Asubuhi na jioni hurudi na kisu kikali, akachonga kijisehemu chembamba kama karatasi ili kidonda kisizibe. Utomvu unaotoka ni mtamu, una rangi ya maziwa yaliyotiwa maji na harufu ya majani mabichi. Huo ndio mtogwa, ambao hata watoto huupenda.

Lakini mtogwa huanza kubadilika ungali ndani ya mbeta. Hamira ya asili imo hewani, iko kwenye ganda la mwanzi, na zaidi ya yote imo kwenye mabaki ya jana ndani ya mbeta yenyewe. Hula sukari na kutoa pombe na gesi ya kaboni. Bakteria wa asidi ya laktiki, jamaa wa wale wanaogandisha mtindi, huongeza uchachu. Kwa saa 5 hadi 12, kutegemea joto, unakuwa pombe ya asilimia 5 hivi. Ukiachwa zaidi unakuwa mkangafu: mkavu, mkali, wenye povu. Unywe kilabuni pamoja na kitimoto kilichotoka motoni, utaona jinsi uchachu na gesi yake vinavyoyakata mafuta ya nguruwe. Kwa ulimi wangu hakuna divai ya bei yoyote inayoifanya kazi hiyo vizuri kuliko mkangafu, na nasema hivyo kama mtu ambaye kazi yake ni kuonja.

Sasa upakie kwenye basi la Dar es Salaam. Dumu likikazwa kifuniko, gesi hulivimbisha, na chupa ya kioo inaweza kupasuka. Likiachwa wazi, hewa inaingia na bakteria wa siki wanageuza pombe kuwa asidi. Joto la pwani huharakisha yote mawili. Pombe ya mnazi ya Tanga na Mombasa ina shida hiihii, ndiyo maana hunyweka vizuri karibu na mti wenyewe. Kuupasha ulanzi moto kwenye nyuzi joto 65 kwa nusu saa huua hamira na kuuwezesha kukaa, ila harufu ya majani mabichi hupungua na povu hutoweka. Kinachofika ni kinywaji halali, lakini mtu wa Igowole hatakitambua.

Ushauri wangu kwa wapishi wa mjini ni kuacha kuusafirisha ulanzi ukiwa katikati ya mabadiliko yake. Waupokee ama kabla hayajaanza au baada ya kwisha. Yakiisha, ni siki. Mkangafu ukimiminwa kwenye chombo chenye mdomo mpana, ukafunikwa kitambaa ili hewa ipite na inzi wasiingie, utaota utando juu, na baada ya wiki kadhaa pombe ya asilimia 5 itakuwa siki yenye asidi ya asilimia 4 hadi 5. Siki hiyo haivimbishi chupa wala haihitaji jokofu. Iweke kwenye jodari yule badala ya nusu ya ndimu, au kwenye kachumbari ya parachichi na maharage ya Mufindi, na sahani nzima inapata kwao.

Njia ya kabla ya mabadiliko ni shira. Inahitaji mbeta zilizosuuzwa kwa maji ya moto na utomvu unaofika jikoni saa chache baada ya kugemwa. Chemsha taratibu, engua povu, acha maji yapungue. Sukari inapokaribia theluthi mbili ya uzito wote, hamira haiwezi kufanya kazi tena, na dalili yake hupimika: shira huchemka kwenye joto la nyuzi 4 au 5 juu ya lile linalochemsha maji. Kwa Igowole, hiyo ni nyuzi 98 au 99; anayefuata maelezo ya Dar es Salaam na kusubiri 104 atapata shira nzito kupita kiasi. Shira hiyo ikichanganywa na konyagi, ndimu na chai nzito ya Mufindi iliyopoa, baa ya Masaki ina kinywaji ambacho Lima na New York hawana.

Mkangafu wenyewe ubaki kilabuni. Msimu wake ni wa mvua, takriban Desemba hadi Mei, na basi linafika Mafinga kila siku.