Mbona Tunapenda Muvi za Dunia Kuisha? Shuka Mokowe Upande Boti

Niambie ukweli. Ukicheki muvi ya dunia ikiisha, zile za miji mitupu na magari yameota kutu barabarani, wewe huwa nani? Si yule msee anayeliwa na zombi dakika ya tatu. Wewe ni yule wa begi mgongoni, kisu kiunoni na mkebe wa maharagwe, anatembea katikati ya barabara kuu na hakuna matatu ya kumpigia honi. Sisi wote ni yule. Hakuna mtu hujiweka upande wa maiti.

Na hapo ndio utamu wa kwanza uko. Kwa hizo stori hakuna landlodi. Hakuna ile programu ya mkopo inakupigia wewe, ikikosa inapigia shosho yako. HELB imeisha, bosi ameisha, bando hazina maana. Unaingia supamaketi unabeba unachotaka na hakuna soja wa kukuomba risiti mlangoni. Mimi kusema ukweli hizo sini za supamaketi ndio huwa nangojea. Zombi wanasumbua tu.

Utamu wa pili ni mazoezi. Kafyu ilipoanza hapa Kenya Machi 2020, watu kila mahali duniani walikuwa wamerudi kucheki Contagion, muvi ya 2011 kuhusu virusi vinavyomaliza watu. Inakaa wazimu: uko ndani kwa sababu ya virusi, halafu unajiwekea muvi ya virusi. Lakini 2021 kulichapishwa utafiti uliofanyiwa watu wa Marekani, na ukapata kwamba mashabiki wa muvi za zombi na za dunia kuisha walijiona wako tayari zaidi kwa ile hali, na kichwani hawakuyumba sana kama wengine. Walikuwa wameshaipitia mara kumi wakiwa kwa kochi.

Hayo ni majibu ya kochi, na yako sawa. Ila kuna jibu lingine ambalo huwezi kulipata Netflix, na mimi naona ndilo lenye uzito. Hilo lazima upande basi la Lamu.

Ukitoka Mombasa, basi linakutema Mokowe. Hapo ndio mwisho wa barabara, upande wa bara. Vijana wa boti wanagombania begi lako kabla hujanyoosha miguu, kila mmoja anakuambia yake ndiyo inang'oa sasa hivi. Mbele yako ni maji na mikoko, na nyuma ya mikoko ni visiwa: Lamu, Manda, Pate. Watu wengi huangalia hapo wakaona likizo. Lakini kwa visiwa hivyo kuna miji ambayo dunia yake iliisha zamani, na kuna watu walikaa chini wakaandika kuhusu huo mwisho.

Anza na Pate. Kuna wakati Pate ilikuwa ndiyo pesa yenyewe pwani hii. Majumba ya mawe, kuta za ndani zimechongwa vidaka vya kuwekea vyombo vya kauri kutoka China, biashara na Bara Hindi na Uarabuni. Halafu ikaja vita juu ya vita, ndugu kwa ndugu wakipigania kiti. Kwenye mwaka wa 1812 au 1813 Pate ikaungana na Wamazrui wa Mombasa kuivamia Lamu, wakachapwa vibaya ufuoni Shela. Baada ya hapo Pate haikurudi tena ilipokuwa.

Miaka hiyohiyo, mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi. Kama uliisoma shule ukalala, si kosa lako, Kiswahili chake cha kaskazini ni kigumu. Lakini maze, toa vumbi uone kilicho ndani. Jamaa anausimamisha moyo wake mwenyewe na kuuonyesha matajiri wa Pate: taa, watumishi, vitanda vya fahari. Kisha anauonyesha nyumba zilezile baada ya wenyewe kuondoka. Popo wamening'inia darini. Pale palipokuwa na vyombo vya kauri sasa ndege wanalea makinda. Buibui amejitandia. Hizo ni sini za The Last of Us kabisa, na zimeandikwa kabla ya umeme kujulikana Afrika. Uingereza, Mary Shelley, yule mama wa Frankenstein, alitoa riwaya yake ya The Last Man mwaka 1826, na wengi huihesabu kati ya riwaya za kwanza za aina hii. Sisi tulikuwa kwa hiyo mbio tayari.

Tofauti ni moja, na ni kubwa. Kwa Sayyid Abdalla hakuna yule msee wa begi. Hakuna shujaa. Anayebaki ni popo. Na huo moyo unaoambiwa uangalie vizuri ni wake, na ukisoma ni wako. Yeye anakuweka pale pale ambapo muvi inakukwepesha, kwa wale walioenda.

Sasa vuka Manda uone Takwa, halafu stori igeuke tena. Takwa ulikuwa mji wa Waswahili, ukashamiri karne ya 15 mpaka ya 17. Leo kuna msikiti wa ijumaa bila paa, ukuta wa mji, kaburi la mnara, na mibuyu iliyojiotea ndani ya vyumba vya watu. Ukisimama pale peke yako saa saba mchana unaweza kuapa hakuna binadamu aliyebaki duniani.

Lakini waliishia wapi? Hakuna zombi. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba maji ya kisima yaligeuka chumvi, na wengine huongeza ugomvi na Pate. Basi watu wakabeba vyao wakavuka mkondo mpaka Shela, ng'ambo tu pale. Ndio mwisho wa dunia huo: foleni ya mashua na mtu amebeba sufuria. Na vizazi vya Shela havikuusahau mji. Wamekuwa wakirudi kwenye lile kaburi la mnara kuomba mvua.

Kuomba mvua, buda. Kwa mji uliokufa kwa kukosa maji.

Hiyo chumvi ndiyo inanikumbusha Pumzi. Hii ni filamu fupi ya Wanuri Kahiu, yule wa Rafiki, ilitoka 2009, ina dakika kama ishirini tu, kwa hivyo huna kisingizio. Ni Afrika Mashariki miaka 35 baada ya vita vya tatu vya dunia, vita vya maji. Watu wamejifungia ndani. Jasho na mkojo vinachujwa kuwa maji ya kunywa, umeme unatoka kwa mashine za mazoezi unazokanyaga mwenyewe, na kuna vidonge vya kukuzuia usiote ndoto. Asha, dada anayefanya kazi makumbusho, anapata udongo ambao bado una uhai, na anaamua kutoka nje kupanda mbegu. Mwisho sikwambii, ila maji yake ya mwisho haendi kuyanywa yeye.

Weka hizo tatu pamoja, utenzi, magofu na muvi. Ndio maana nasema mvuto wa hizi stori si ule mlipuko. Dunia haiishi yote mara moja kwa watu wote. Inaisha kwa mtaa mmoja huku mtaa wa pili wanauza mahamri kama kawaida. Stori hizi zinakupa nafasi ya kuangalia kitu ambacho hukioni kikiwa kipo: nani huchota maji, nani ana boti, jirani yako ni nani taa zikizima. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezewa sana. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014, kaunti hii ilikaa na kafyu ya usiku kwa miezi, na wavuvi wakakatazwa kuvua usiku. Nairobi tulipoonja kafyu 2020 tukaona dunia imefika kikomo. Huku walishaijua.

Na sasa hivi, si mbali na pale ulipogombaniwa begi, kuna bandari mpya. Ujenzi ulizinduliwa Machi 2012 pale Kililana, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Kuna wanaoona kazi na meli kubwa, na mimi siwezi kumcheka kijana wa Mokowe anayetafuta kazi. Kuna wanaoona mikoko iliyokatwa na sehemu za kuvua zilizochimbwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Malindi ilisema wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kwa hiyo bahari hiyo hiyo kuna mtu anaona stori inaanza, na mwingine ni ile sini ya popo. Ukitaka kujua Sayyid Abdalla angemwangalia nani, soma tena Al-Inkishafi. Jicho lake lilikuwa kwa wenye taa nyingi.

Kama umeamua kwenda Takwa, jambo moja. Mkondo wa kuingia unapita kwa mikoko na unapitika vizuri maji yakijaa. Usishuke botini kabla ya kumuuliza nahodha maji yanatoka saa ngapi, na beba ya kunywa yako.