Mzee Aliyetupwa Mkono na Sheria za Marekani: Sehemu ya Pili, Njia Zilizo Wazi kwa Jamaa Zake

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulibainisha namna nyumba za kutunzia wazee zinavyoendeshwa katika nchi ya Marekani, nani huzimiliki na nani huzilipia, na kwa nini watu wetu wengi waliohamia huko, ambao walipokuwa kwao wasingalidhani kumpeleka mzazi akalelewe na mikono ya ajinabi, wamejikuta hawana budi kufanya hivyo, kwa kuwa mume ana zamu ya usiku, mke ana zamu ya mchana, na mama aliyepatwa na kiharusi hawezi kuachwa peke yake hata saa moja. Leo tunakusudia kueleza jambo lililo zito zaidi, nalo ni hili: ikiwa mzee huyo ametupwa mkono na wale waliopokea ujira wa kumtunza, sheria ya nchi ile imewapa jamaa zake njia gani za kumwokoa na kumdaia haki yake.

Watu wengi wakisikia habari za sheria, fikra zao hukimbilia mahakamani, na huko mahakamani hutarajia fedha. Lakini njia za sheria ni nyingi na kila moja ina kazi yake: iko ya kumhifadhi mzee aliye hai, iko ya kumwadhibu mkosaji, na iko ya kulipa fidia kwa madhara yaliyokwisha kutokea, na anayeishika hii ya mwisho akaiacha ile ya kwanza amekosea vibaya, kwani shauri la fidia aghalabu huchukua miaka, ilhali mgonjwa asiyegeuzwa kitandani hawezi kungoja hata juma moja.

Msingi wa mambo yote haya ni sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1987, baada ya Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo kutoa taarifa yake ya mwaka 1986 iliyodhihirisha upungufu mkubwa wa matunzo na wa usimamizi wa serikali katika nyumba hizo. Sheria hiyo inaihusu kila nyumba inayopokea malipo ya Medicare au ya Medicaid, yaani ile mipango miwili ya serikali ya kugharimia matibabu, wa kwanza hasa kwa wazee na wa pili kwa wasio na uwezo. Na kwa kuwa ni nyumba chache mno ziwezazo kuendelea bila ya fedha hizo, karibu zote zimo chini ya amri yake. Imeagiza kwamba kila mkazi apewe matunzo yatakayomfikisha, au yatakayombakisha, katika hali bora kabisa ya mwili na ya akili anayoweza kuwa nayo. Asifungwe kwa kamba wala mikanda, wala asileweshwe kwa dawa kwa ajili ya kuwapunguzia wahudumu kazi. Asihamishwe wala asifukuzwe ila kwa sababu zilizotajwa na, kwa kawaida, kwa ilani ya maandishi ya siku 30. Na aelezwe habari za afya yake kwa lugha anayoifahamu, haki ambayo mama wa Kiswahili asiyejua Kiingereza anaweza kuidai kama mwingine yeyote.

Tuchukue mfano wa kidonda cha mgandamizo, ambacho ni dalili ya uzembe iliyo rahisi kuonekana na aliyezoea kumtembelea mgonjwa. Mzee asiyeweza kujigeuza akilazwa upande mmoja saa nyingi, damu hukosa kupita mahali ambapo mfupa umeugandamiza mwili juu ya godoro, hasa kwenye kitokono, kwenye nyonga na kwenye visigino. Kwanza ngozi hubadilika rangi. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi, bali mahali hapo hukoza rangi, huwa pana moto au baridi kuliko pengine, na hubonyea au kukakamaa. Kisha ngozi huchubuka, kisha nyama huoza, hata katika daraja ya nne mfupa wenyewe ukaonekana. Ada ya wauguzi ni kumgeuza mgonjwa wa namna hii takriban kila baada ya saa 2, na kanuni za serikali zimetamka kwamba mkazi aliyeingia bila ya kidonda asipatwe nacho, ila ithibitike kwamba kwa maradhi aliyo nayo hakikuepukika. Basi mtoto anayekwenda kumwamkia mama yake asiishie kumshika mkono na kumwuliza hali. Naafunue shuka kwa heshima, atazame visigino, atazame kitokono, atazame kama kengele ya kumwita mwuguzi iko karibu na mkono wa mgonjwa au imeanguka chini ya kitanda, na kama jagi la maji lililojazwa asubuhi bado limejaa magharibi.

Alionalo aliandike. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ya mgonjwa nayo hupotea vivyo hivyo. Naandike tarehe, saa, jina la mhudumu aliyekuwa zamu, alichokiona na alichojibiwa, na akipata ridhaa ya mgonjwa apige picha. Kisha adai daftari za matibabu, maana mkazi, au wakala wake aliyewekwa kwa hati, ana haki ya kuonyeshwa daftari hizo katika muda wa saa 24, zisihesabiwe siku za mapumziko, na kupewa nakala zake katika siku 2 za kazi. Aidha aombe kikao cha kuupitia mpango wa matunzo, na malalamiko yake ayatoe kwa maandishi kwa ofisa wa nyumba aliyewekwa kuyapokea. Hii ndiyo njia ya kwanza, na mara nyingi mgonjwa huanza kugeuzwa siku ile ile jamaa zake walipoonyesha kwamba wanatazama na wanaandika.

Njia ya pili ni ya kwenda kwa wasimamizi walio nje ya nyumba. Kila jimbo lina ofisi ya mtetezi wa wakazi, huko akiitwa ombudsmani, kazi iliyoanza kwa majaribio mwaka 1972 na ambayo leo imesimama juu ya Sheria ya Wamarekani Wazee ya mwaka 1965. Mtetezi huyu halipwi chochote na mlalamikaji, huingia ndani ya nyumba, huzungumza na mgonjwa faraghani, wala hatoboi siri yake pasipo idhini. Mbali na huyo, iko idara ya jimbo yenye mamlaka ya ukaguzi, ambayo ikipata malalamiko hutuma wakaguzi bila ya kutoa taarifa. Na wakiona taksiri huandika ripoti, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, na nyumba yaweza kutozwa faini, au kuzuiwa kulipwa kwa wagonjwa wapya, au hata kuondolewa kabisa katika mipango ya Medicare na Medicaid. Njia hii haimtii mlalamikaji senti moja mfukoni, lakini ndiyo inayoweza kuibadili hali ya mgonjwa angali hai, na ripoti yake huja kumfaa wakili baadaye. Na palipo na kipigo, au wizi, au kuingiliwa mwili, hapana haja ya kungoja idara yoyote: na waitwe polisi.

Najua kinachowazuia watu wetu wasipite njia hii: ni soni, na ni hofu. Mmoja husema ataonekana mtovu wa adabu kwa watu wanaomlisha mama yake; mwingine huchelea mama asije akalipiziwa kisasi au akafukuzwa. Hofu hiyo inafahamika, lakini sheria imekataza waziwazi kumlipizia kisasi mkazi kwa sababu ya malalamiko, na anayefukuzwa ana haki ya kukata rufani na kusikilizwa. Ama adabu, adabu kwa mzazi hutangulia adabu kwa aliyeajiriwa kumtunza.

Njia ya tatu ndiyo ya mahakama ya madai. Hapa msomaji afahamu kwamba Marekani haina sheria moja ya fidia, bali kila jimbo lina yake. Illinois ina Sheria ya Matunzo ya Nyumba za Wazee tangu mwaka 1979. New York imempa mkazi haki ya kuishitaki nyumba iliyovunja haki zake. California, pakiwa na ithibati iliyo bayana kwamba mzee alipuuzwa kwa kutojali kabisa, imeruhusu mdaiwa atozwe na gharama za wakili wa mdai. Lakini kote huko mdai hutakiwa kuonyesha mambo manne: kwamba nyumba ilikuwa na wajibu, kwamba wajibu huo haukutimizwa, kwamba mzee alidhurika, na kwamba madhara yalitokana na upungufu huo wala si maradhi yake peke yake. Hili la nne ndilo zito, kwa kuwa mdaiwa aghalabu hujitetea kwamba mzee alikuwa mgonjwa na angekufa vyovyote. Na hapo ndipo huhitajiwa ushahidi wa tabibu mjuzi, na hapo ndipo daftari la mtoto aliyeandika tarehe na saa huwa na thamani kubwa.

Mzee akiwa hai, mdai ni yeye mwenyewe au wakala wake. Akifariki, shauri la maumivu aliyoyapata hushikwa na msimamizi wa mirathi, na liko shauri jingine la kifo kilichosababishwa na uzembe, ambalo huangalia hasara ya warithi. Mawakili wa mashauri haya kwa desturi hawadai ada ya mbele, bali huchukua fungu la kitakachopatikana, mara nyingi thuluthi au zaidi. Basi mapatano hayo na yasomwe kwa makini kabla ya kutiwa saini. Na mtu asisahau kwamba Medicare ikiwa ililipia matibabu ya madhara hayo, itadai irudishiwe fedha zake katika fidia.

Ajizi ni nyumba ya njaa, na katika mashauri haya ajizi huua haki kabisa. Kwa madai ya madhara ya mwili, Kentucky na Tennessee zimeweka muda wa mwaka 1 tu. Florida, kwa mashauri ya nyumba za wazee, imeweka miaka 2, na kabla ya kufungua shauri lazima mdaiwa apewe ilani na siku 75 za kuchunguza. Nyumba ikiwa ni mali ya serikali ya mahali, muda wa kutoa ilani waweza kuwa mfupi zaidi, kama New York ambako ni siku 90. Kwa hiyo wakili na aulizwe mapema, hata kama jamaa hawajakata shauri la kushitaki.

Tena iko karatasi ya kutahadhari nayo. Siku ya kumwingiza mzee, pamoja na fomu nyingi, jamaa hupewa mkataba wa usuluhishi, ambao ukitiwa saini huondoa haki ya kwenda mahakamani na kuupeleka ugomvi kwa msuluhishi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri lililotoka Kentucky, iliikataa kanuni ya jimbo hilo iliyofanya mikataba kama hiyo iliyosainiwa na mawakala isikubalike kwa urahisi. Lakini kanuni za serikali za mwaka 2019 zimekataza kumlazimisha mtu kuusaini ili mzee apokewe, zimeagiza aelezwe kwa lugha anayoifahamu, na zimempa siku 30 za kuutangua. Basi asiyeusaini hapotezi kitanda, na aliyeusaini jana bado anaweza kuubatilisha kwa barua. Kadhalika nyumba haiwezi kumshurutisha mtoto awe mdhamini wa kulipa kwa mali yake mwenyewe.

Liko shauri moja ambalo kila mwenye mzazi katika nyumba hizi yafaa alijue. Mwaka 2016 jamaa za Gorgi Talevski, aliyekuwa na maradhi ya kupotewa na akili, walimweka katika nyumba ya mji wa Valparaiso, jimbo la Indiana, iliyokuwa mali ya shirika la serikali. Kwa mujibu wa madai yao, aliingia akitembea, akijilisha na akiwatambua watu wake. Baada ya miezi alishindwa kujilisha, na wao wakadhani ni maradhi, hata walipogundua kwamba alikuwa akipewa dawa kali 6 za akili. Walilalamika kwa idara ya afya ya jimbo, daktari wa nje akaagiza dawa zipunguzwe, naye akarudia kujilisha. Ndipo nyumba, wadai jamaa, ikajaribu kumhamisha bila ya ridhaa. Gorgi alifariki mwaka 2021, lakini shauri halikufa naye: tarehe 8 Juni 2023 Mahakama Kuu iliamua, majaji 7 kwa 2, hukumu ikiandikwa na Jaji Ketanji Brown Jackson, kwamba haki zile za mwaka 1987 za kutoleweshwa dawa na kutohamishwa ovyo zaweza kudaiwa mahakamani kwa sheria ya haki za raia ya mwaka 1871. Uamuzi huo unahusu nyumba za serikali, nazo ni chache mbele ya zile za watu binafsi. Lakini tazama mpango wa jamaa hawa: walilalamika kwanza, wakamwokoa mgonjwa wao katika ulevi wa dawa, kisha wakashitaki.

Limesalia neno kwa ndugu zetu wenyewe wafanyao kazi katika nyumba hizo, maana ni wengi. Mhudumu anayeshuku kwamba mkazi ametendewa jinai amefaradhiwa na sheria kutoa taarifa, tena katika muda wa saa 2 ikiwa pana jeraha kubwa, na saa 24 ikiwa hapana; na sheria hiyo hiyo imekataza asiadhibiwe kwa kutoa taarifa. Wala asitie saini kwamba mgonjwa amegeuzwa ilhali hakugeuzwa, ati kwa kuwa zamu ina wahudumu wawili na wagonjwa 30. Upungufu wa watu ni kosa la mwenye nyumba, lakini saini ya uongo ni kosa la aliyeitia.

Basi, ewe msomaji uliye na mzazi katika nyumba ya namna hii, nenda kamtazame pasipo miadi, andika ulichokiona, mpigie mtetezi wa wakazi wa jimbo lako, na wakili umwone kabla mwaka haujapita. Fidia yaweza kudaiwa baada ya mauti, lakini mzazi huokolewa angali hai.