Jazi ya Wazee na Jazi ya Watoto: Rekodi Saba za Kusikiliza Pamoja



Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara, limo moja ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo, lakini tulipolitafakari tuliliona kuwa linagusa nyumba nyingi za jamii yetu hapa Sydney. Mtoto amejiunga na bendi ya shule na kuazimwa saksofoni au tarumbeta. Anarudi nyumbani akisema kwamba wanajifunza jazi. Mzazi anafurahi, kwani jazi anaijua: ni Morogoro Jazz, ni Western Jazz, ni OK Jazz ya Franco. Kisha mtoto anamsikilizisha anachojifunza, na mzazi hasikii magitaa yakijibizana, hasikii kiitikio, wala hajui mguu uanzie wapi. Hapo ndipo tunapoulizwa: hii nayo ni jazi gani, na mtu mwenye hamu ya kuijua aanze na rekodi zipi?

Tumeona ni vyema tujibu kwa kirefu. Hatukusudii kumfanya mtu yeyote aone haya kwa sababu ya ugeni wake katika muziki huu. Tunalotaka kuonyesha ni kwamba ugeni wenyewe ni mdogo kuliko unavyodhaniwa, na kwamba ndani ya nyumba hiyo kubwa iitwayo jazi vimo vyumba ambavyo sisi tunaweza kuviingia bila kubisha hodi mara mbili.

NENO MOJA, NYUMBA MBILI

Neno jazi limekaa kwetu miaka mingi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na Western Jazz mwaka 1959. Upande wa Kongo, Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz ikafuata mwaka 1956. Kwa bendi hizo, neno hilo lilimaanisha muziki wa kisasa wa dansi, wenye magitaa na ala za kupuliza. Ukiusikiliza kwa makini, utaona kwamba ulichota zaidi kutoka rumba ya Kuba, iliyotufikia kwa njia ya santuri, kuliko kutoka kwa Wamarekani Weusi wa New Orleans. Lakini Kuba na New Orleans zote mbili zilijengewa muziki wao na wana wa Afrika waliovushwa bahari katika utumwa. Kwa hiyo jazi ya wazee na jazi ya watoto ni wajukuu wa bibi mmoja, waliolelewa mbalimbali.

Tofauti yao kubwa ni hii. Dansi huita miguu. Jazi ya Marekani nayo ilianza kama muziki wa kuchezwa, lakini tangu miaka ya 1940 sehemu yake kubwa imekuwa ya kukaa na kusikiliza. Kiini chake ni kubuni papo hapo. Wanamuziki huupiga wimbo mfupi waliokubaliana, kisha kila mmoja kwa zamu huuzungumzia kwa ala yake bila kusoma popote, na mwishowe wote huurudia wimbo ule wa mwanzo.

Mpenzi wa dansi anakijua kitu hiki: ni pale kwenye chemko, au sebene kama wasemavyo Wakongo, ambapo waimbaji hunyamaza na gitaa la solo likashika mazungumzo. Mpenzi wa taarabu anakijua pia: ni taksimu, pale mpiga udi au ganuni anapotangulia peke yake, akitafuta njia kabla ya wenzake kuingia. Naye aliyewahi kusikia washairi wakijibizana ana kwa ana anaijua ladha ya jibu lililozaliwa papo hapo.

Basi shauri letu la kwanza ni hili: usimsubiri mwimbaji. Ukamate ule wimbo mfupi wa mwanzo na kuutia kichwani, halafu ufuate ala moja tu mpaka mwisho, tuseme besi. Siku ya pili, sikiliza tena na kufuata ngoma. Rekodi isiyoeleweka mara ya kwanza mara nyingi hufunguka mara ya tatu.

MILANGO TUNAYOIJUA

Kwa aliyekulia katika magitaa, tunapendekeza aanze na kundi la hapa hapa Sydney liitwalo The Vampires, lenye saksofoni, tarumbeta, besi na ngoma. Mwaka 2017 walitoa albamu waliyomshirikisha Lionel Loueke, mpiga gitaa kutoka Benin, na ikaitwa The Vampires Meet Lionel Loueke. Loueke hulipiga gitaa kana kwamba ni ala tatu kwa pamoja. Huimba sambamba na nyuzi zake na hugonga midundo kwa ulimi. Mzee aliyezoea gitaa la Mbaraka Mwinshehe hatapotea hapa. Mapigo ni ya kuchezeka, na nyimbo ni za kukumbukika.

Kwa aliyekulia pwani, Unguja, Mombasa au Lamu, mlango ni udi. Joseph Tawadros alizaliwa Cairo mwaka 1983, akaletwa Sydney akiwa mtoto mdogo, akakulia hapa. Mwaka 2010 alitoa albamu iitwayo The Hour of Separation, ambamo aliuketisha udi wake pamoja na magwiji watatu wa jazi ya Marekani: John Abercrombie kwenye gitaa, John Patitucci kwenye besi na Jack DeJohnette kwenye ngoma. Ndugu yake, James Tawadros, anapiga rika. Hakuna anayemmeza mwenzake. Udi unabaki udi, nayo jazi inajipa nafasi kandokando yake. Tunawaomba wazazi wamweleze mtoto kwamba ala hizo mbili, udi na rika, zimo katika taarabu ya nyumbani tangu enzi za mababu, na kwamba mtoto wa wahamiaji kama yeye alizichukua kutoka mji huu huu na kuzifikisha mbali.

Kwa apendaye maneno, tunapendekeza sauti ya Somi. Mwanamke huyu alizaliwa Marekani kwa wazazi waliotoka Uganda na Rwanda. Albamu yake ya mwaka 2017, Petite Afrique, yaani Afrika Ndogo, inahusu Mtaa wa 116 huko Harlem, New York, ambako wahamiaji wa Kiafrika walifungua maduka na mikahawa yao, wakaendesha teksi, kisha wakaona kodi za nyumba zikipanda na majirani wakitawanyika. Nani kati yetu, awe wa Blacktown au wa Auburn, asiyeijua habari hiyo? Muziki wake ni laini, lakini maneno yake hayabembelezi. Ni albamu ya kusikiliza jioni, kazi zikiisha.

KISWAHILI NDANI YA JAZI

Sasa tunafika kwenye rekodi mbili ambazo tungependa kila mtoto wetu mwenye ala azijue. Si za leo, lakini jazi ya leo haieleweki vizuri bila ya miaka ile.

Mnamo Novemba 1960, mwaka ambao nchi nyingi za Afrika zilipata uhuru, mpiga piano Randy Weston aliikusanya bendi kubwa katika studio ya New York ili kurekodi Uhuru Afrika. Muziki ulipangiwa sauti na mwanamke, Melba Liston, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga tromboni hodari. Mshairi Langston Hughes aliandika shairi la uhuru kwa ajili ya ufunguzi. Weston alitaka lugha moja ya Kiafrika isimame kwa niaba ya bara zima, na akachagua Kiswahili. Aliyelisoma shairi hilo kwa Kiswahili ni Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, nchi ambayo wakati huo ilikuwa bado miezi kumi na mitatu kabla ya kupata uhuru wake. Sehemu ya kwanza inaitwa Uhuru Kwanza, na ya mwisho Kucheza Blues. Mwaka 1964 serikali ya kibaguzi ya Afrika Kusini iliipiga marufuku rekodi hiyo. Waliogopa neno uhuru hata likiwa limepambwa kwa tarumbeta.

Rekodi ya pili ni ya Herbie Hancock, iliyotoka mwaka 1971 kwa jina la Mwandishi. Wanamuziki wote sita wa kundi lake walijichukulia majina ya Kiswahili, waliyopewa na mwenzao James Mtume. Hancock akawa Mwandishi. Mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson, aliyekuwa pia daktari wa tiba, akawa Mganga. Bennie Maupin aliitwa Mwile, neno ambalo sikio letu hulisikia kama mwili, na mpiga tromboni Julian Priester akaitwa Pepo Mtoto, jina ambalo bila shaka litawachekesha akina bibi. Majina hayo yalikuwa dai: watu ambao mababu zao walinyang'anywa lugha zao walikuwa wakinyoosha mkono kuelekea lugha ya Kiafrika.

Tuseme wazi kwamba muziki wa Mwandishi si mwepesi. Una vinanda vya umeme na nyimbo ndefu zinazotembea polepole. Uwe wa tano au wa sita kusikilizwa, wala usiwe wa kwanza. Lakini fikirini jambo hili. Wengi wa watoto wetu wanakielewa Kiswahili, ila hukijibu kwa Kiingereza, kwa kuwa wamekwisha kuona kwamba huko nje ya mlango hakina kazi. Mtoto wa namna hiyo akilishika jalada la Mwandishi, anaweza kumfafanulia mwalimu wake wa muziki maana ya Mchezaji na Jabali. Siku hiyo atakuwa mwenye nyumba, na mwalimu ndiye atakayekuwa mgeni.

VIJANA NA WENYE SUBIRA

Kwa vijana ambao hawataki habari za miaka ya zamani, lipo kundi la London liitwalo Ezra Collective. Mpiga ngoma Femi Koleoso na ndugu yake TJ, mpiga besi, ni wana wa wahamiaji kutoka Nigeria. Albamu yao ya mwaka 2022, Where I'm Meant to Be, ilishinda Tuzo ya Mercury ya Uingereza mwaka 2023, na ndilo kundi la kwanza la jazi kuipata. Jina la albamu lina maana ya mahali ninapostahili kuwa. Humo wamechanganya mapigo ya Lagos, ya Karibiani na ya Kuba, na hapa miguu ya wazee itaamka tena.

Mwisho tunawaelekeza kwenye The Necks, watu watatu walioanza pamoja hapa Sydney mwaka 1987: Chris Abrahams kwenye piano, Lloyd Swanton kwenye besi na Tony Buck kwenye ngoma. Albamu yao Drive By ya mwaka 2003 ni kipande kimoja tu cha takriban saa nzima. Jukwaani hawapangi kitu. Mmoja huanza, wengine hufuata. Mabadiliko huja taratibu kama maji kujaa ufukweni: huoni yakisogea, lakini ukitazama tena jiwe limefunikwa. Aliyewahi kukesha ngomani atatambua jinsi marudio yanavyoutuliza moyo na kuufungua. Tunaipendekeza hasa kwa wale wanaoendesha magari usiku kwa ajili ya riziki.

WAPI PA KUSIKILIZA

Kusikiliza si lazima kuwe kwa gharama. Maktaba za halmashauri huandikisha wakazi bure, na hivyo ndivyo inavyotaka Sheria ya Maktaba ya New South Wales ya mwaka 1939. Ulizeni kuhusu diski za muziki zinazoazimishwa. Redio ya Eastside, 89.7 FM, kutoka Paddington, hutenga saa nyingi kwa ajili ya jazi. Chuo cha muziki cha Sydney Conservatorium, kilicho Macquarie Street katika jengo lililokuwa mazizi ya farasi wa Gavana, kilianza kufundisha jazi mwaka 1973. Ulizeni huko juu ya maonyesho ya wanafunzi, na mwende na watoto. Ipo pia SIMA, jumuiya iliyoundwa mwaka 1984 kwa ajili ya muziki huu wa kubuni, ambayo huandaa maonyesho ya wanamuziki wa mji huu. Tunajua kwamba baadhi ya familia hazipendi kumbi zenye vileo. Kwao maktaba na redio zinatosha kabisa.

Tunamaliza kwa ombi. Ala inayopigwa na mtoto chumbani, mlango umefungwa, bila ya mtu kusikiliza, haichukui muda mrefu kurudishwa shuleni. Mzazi hahitaji kujua majina ya noti. Akae, asikilize, aulize, kisha naye aweke kanda yake ya Morogoro Jazz na kusema: sasa sikiliza ya kwangu. Kila mmoja atamsikia mwenzake kwa zamu, na hiyo, kama tulivyokwisha kueleza, ndiyo jazi yenyewe.

Tutafurahi kupokea maoni yenu, na hasa majina ya rekodi ambazo ninyi wenyewe mmezipenda.