Kufyonza Sauti si Kuzuia Sauti

Katika maelekezo ya vifaa vya kurekodia, neno "kizuia-sauti" hutumiwa kwa vitu viwili visivyofanana hata kidogo: ukuta mzito unaoikinga studio na kelele za nje, na zile paneli za sponji au pamba ziwekwazo ukutani ili sauti ya ndani isivume. Mchanganyo huu humtia mnunuzi hasara.

Tuchukue chumba cha matofali ya saruji na paa la bati huko Kinjumbi, wilayani Kilwa, ambamo mtu ataka kurekodi nyimbo za kwao. Akisoma "kizuia-sauti", atatarajia paneli zimwondolee kishindo cha mvua batini na ngurumo za pikipiki. Hazitamwondolea. Sauti ya nje huzuiwa kwa uzito wa ukuta na kwa kuziba nyufa. Sponji ni nyepesi mno kwa kazi hiyo. (Trei za mayai, ambazo wengi huzitumaini, hazifai kwa kukinga, na kwa kufyonza hufaa kidogo sana.)

Kazi ya paneli ni kufyonza. Hewa inayotikiswa na sauti huingia katika vitundu vya sponji, ikasuguana na kuta zake, na nguvu ya sauti ikageuka kuwa joto dogo sana. Twapendelea "kufyonza" kuliko "kunyonya", kwa kuwa "unyonyaji" ulikwisha kutwaliwa na siasa tangu zama za Azimio la Arusha la 1967.

Wengi husema kinachofyonzwa ni "mwangwi". Hapa napo pana tatizo. Mwangwi ni sauti irudiyo ikasikika peke yake, kama mtu aitapo akiukabili mlima. Ili kuitenga na ile ya kwanza, sikio huhitaji takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde; na kwa kuwa sauti huenda kiasi cha mita 343 kwa sekunde, ukuta hauna budi kuwa umbali wa mita 17 hivi. Katika chumba cha mita 3, sauti hurudi upesi mno na mara nyingi, zikarundikana juu ya ile ya awali. Hali hiyo twaonelea iitwe "mvumo". Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alianza kuipima mwaka 1895 kwa kuingiza mito ya viti katika ukumbi uliokuwa ukivuma. Kadiri mito ilivyozidi, ndivyo mvumo ulivyofupika.

Kwa hiyo twapendekeza "paneli ya kufyonzea sauti".

Kitenzi nacho kina matokeo yake. Mfasiri akiandika "bandika paneli", msomaji atapaka gundi na kuigandamiza ukutani. Lakini penye ukuta wenyewe hewa haina nafasi ya kwenda mbele na nyuma, hivyo sponji nyembamba hufyonza sauti za juu tu na kuziacha za chini. Afadhali "tundika": papi zipigwe ukutani kwa skrubu, paneli ining'inizwe juu yake, na nyuma ubaki uwazi wa sentimita 5 hivi. Katika hewa ya pwani uwazi huo husaidia pia kupunguza ukungu. Mahali pa kuanzia hupatikana kwa kioo: msikilizaji aketi kitini pake, mwenziwe akisogeze kioo ukutani, na pale spika inapoonekana kiooni ndipo paneli itundikwe.